Upande wa pili wa sahani

Shule zilipofunguliwa Januari na purukushani ya sare ikapungua, nilianza utaratibu mpya. Saa kumi na mbili jioni nafunga mlango wa duka nusu, nazima cherehani, nakaa kwenye benchi la wateja na kusikiliza albamu moja ya zamani mwanzo mpaka mwisho. Moja tu kwa jioni. Kaka yangu alinijazia flashi nzima, folda kwa folda, akanipa sharti moja: nisiruke wimbo. Kuzima cherehani ni sharti langu mwenyewe. Mota ikishaanza kulia husikii gitaa la besi hata kidogo. Nimeshona miaka ishirini na sita redio ikiimba pembeni, nikidhani nasikiliza.

Nilianza na Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa aliyevuma akiwa Morogoro. Mimi ni mtu wa Morogoro, ningeanza na nani mwingine? Kaka ameweka zile santuri za "Ukumbusho" zilizotolewa Nairobi baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Ninachokumbuka ni wanawake wa mtaani kwetu wamekaa barazani mchana, hakuna aliyepika.

Nyumbani tulikuwa na chenja ya betri, ile mashine ya kupigia sahani za santuri. Miaka ile ya mwanzo wa themanini betri ziliadimika dukani sawa na sukari na sabuni. Baba alikuwa anazianika juani juu ya bati la jiko, asubuhi mpaka alasiri, anazigeuzageuza kama mtu anayeanika samaki. Zikipata nguvu kidogo anaziweka, anapangusa sahani kwa kitambaa cha flana, anaturuhusu kukaa. Sahani nyingi za wakati ule wimbo umekatwa vipande viwili: Na. 1 upande mmoja, Na. 2 upande wa pili. Kwenye Na. 1 yanakaa maneno, kile kisa chenyewe. Kwenye Na. 2 ndiko kuna chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. Baba aliweka Na. 1, ikiisha anainua mkono wa chenja, anatoa betri, anafunika. Upande wa pili sikuwahi kuusikia nyumbani kwetu. Redioni nako mtangazaji alikuwa anaanza kutoa salamu palepale waimbaji wanapomaliza.

Kwa hiyo jioni ile ya kwanza, kwenye "Shida," nilishajiandaa kwamba wimbo umeisha. Haukuisha. Rithimu ilikaza, ngoma zikabadilika, halafu solo ya Mbaraka ikaingia na kukaa, dakika juu ya dakika, anarudia kipande kilekile na kila akikirudia ameongeza kitu kidogo mwishoni. Mtu ameeleza taabu zake zote, maneno yamekwisha, bado ana la kusema. Nilikaa kwenye lile benchi na mkasi mkononi, nimesahau kuuweka chini.

Folda ya Mlimani Park, ile bendi ya Dar es Salaam inayoitwa pia Sikinde, ilinichukua jioni mbili kwa sababu ya kwanza nililia. Ni "Talaka ya Hasira." Hassan Bitchuka ana ile sauti nyembamba ya juu, Muhiddin Maalim Gurumo anakuja chini yake na sauti ya mtu mzima, na nyuma tarumbeta na saksafoni zinawajibu. Nyimbo hizi zilirekodiwa studio za Redio Tanzania, chumba kimoja, bendi nzima inapiga kwa pamoja. Ukisikiliza kwa utulivu unasikia pale wapulizaji wanapovuta pumzi kabla ya kuingia. Na chemko la Sikinde halina haraka ya Volcano, bendi ya Mbaraka. Linazunguka, linazunguka, mpaka unagundua mabega yako yanakwenda yenyewe.

Les Wanyika nilidhani nawajua. "Sina Makosa" imepigwa kwenye kila harusi niliyoshona nguo zake. Lakini sikuwahi kutambua kwamba anayeubeba ule wimbo ni Omar Shabani kwenye gitaa la rithimu, siyo solo. Hakuna tarumbeta, hakuna mbwembwe, ni rithimu inayotembea kama mshono wa mashine iliyotiwa mafuta vizuri, mfupi, sawasawa, haukatiki. Wengi wao Watanzania waliokwenda kutafuta maisha Nairobi, wakatengeneza kitu ambacho hata leo sijui pa kukitoboa.

Franco wa Kongo hakunishika. "Mario" ya 1985 najua ni kubwa, na mteja wangu mmoja wa Uvira alinitafsiria Kilingala chake, yule kijana anayelelewa na mama mtu mzima. Lakini Franco anasema mno. Nilibaki nangoja aache.

Remmy Ongala ni habari nyingine. "Songs for the Poor Man" ilirekodiwa Uingereza na kutoka 1989, na imesafishwa sana. Kila uzi wa gitaa unausikia peke yake. Mwanzoni nilikasirika, nikatamani ile kwaruzo ya kanda. Kisha ikafika "Sauti ya Mnyonge," na sauti yake Remmy, ile nzito yenye mchanga ndani, hakuna studio iliyoweza kuisafisha. Nikaridhika.

Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, nilimsikiliza mwisho. Siwezi kumwandika vizuri. Nilizima taa ya duka.

Jumapili iliyopita nikaichukua ile spika ndogo, nikapanda daladala mpaka Kihonda kwa baba. Ana miaka themanini na mbili, macho yamepungua, masikio mazima kabisa. Nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini hakuwa anageuza sahani? Nilijua atasema betri.

"Betri nazo," akasema. "Lakini mama, ile Na. 2 mimi nilikuwa naicheza ukumbini na mama yako kila Jumamosi. Mle ndani watu wanapiga kelele, maneno husikii. Sahani nilinunua nisikie anasema nini."

Nikamwekea "Shida," yote. Alisikiliza maneno ameinamisha kichwa, mikono juu ya mkongojo. Kabla waimbaji hawajanyamaza, kidole chake cha shahada kilikuwa kimeshaanza kugonga mkongojo, mwendo ule wa haraka, na rithimu ilipobadilika ilimkuta yeye yuko pale tayari. Kandambili zikaanza kusogea sakafuni, kushoto, kulia, kidogo tu. Mguu wa kulia ukipiga hatua anauvuta nyuma, kama anampisha mtu.

Ilipoisha akauliza kama ile spika inatumia betri. Nikamwambia hapana, inachajiwa kwenye umeme.

"Basi rudia," akasema.