Meno ya Msumeno

Ghala lilikuwa Kigoma mjini, ukiteremka kuelekea bandarini. Shirika la misaada lililokuwa likilitumia lilishafunga virago, likaacha milango ya chuma yenye vitasa vya Kimarekani. Mwenye mali mpya, mfanyabiashara wa mawese, alikabidhiwa funguo na zilifanya kazi vizuri tu. Tatizo lake ni kwamba hakujua nakala ngapi bado zinazunguka mifukoni mwa watu, naye tayari alishaagiza viini vipya, yaani ile sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo.

Mjomba alikuwa fundi wa funguo pale Mwanga, nami nilikuwa kijana wake wa kazi. Kabla hajagusa chochote aliomba kuona hati ya mauziano, kisha akataka mwenyekiti wa mtaa aitwe. Tajiri akanuna.

"Fundi, mlango ni wangu!"

"Najua, mzee wangu. Nataka na mwenyekiti ajue."

Vitasa vya aina hiyo kiini chake hutoka kizima, kikiwa na umbo la tarakimu 8. Ni ubunifu wa Frank Best, aliyekuwa mhudumu wa majengo ya shule huko Seattle, Marekani: ufunguo ukipotea, unachomoa kiini na kuchomeka kingine, bila kufumua kitasa. Ila ufunguo wa kila siku haukitoi. Upo mwingine wa kutolea, ambao huzungusha gamba la ndani nyuzi 15 tu, ulimi unaokishikilia ukaingia ndani. Huo ndio hatukuwa nao.

Kuchokonoa kwa kawaida, yaani kuinua pini za ndani bila ufunguo, kusingetusaidia. Ukikaza silinda, ile sehemu inayozungushwa na ufunguo, pini hukaa kwenye mstari wa kufungulia, mlango unafunguka, na sisi mlango haukuwa shida yetu. Ilibidi nguvu iende kwenye gamba lenyewe. Kwa chini gamba hilo lina vitundu vidogo, kimoja chini ya kila pini, na Mjomba alitaka kipande cha chuma chenye meno ya kuving'ata.

Tukarudi kibandani. Spoki ya baiskeli aliikataa, akasema inapinda upesi. Akachukua bledi ya msumeno wa chuma iliyovunjika, akayasaga meno yake yote, mimi nikimwagia maji. "Mpwa, chuma kikigeuka bluu kimekufa, tupa," alisema, na kweli kimoja tulikitupa.

Nilichokipenda zaidi ni namna alivyopima. Hakuwa na vipimo vya kiwandani. Aliulaza ufunguo wa tajiri juu ya bledi, akakwaruza alama kwa sindano penye kila mkato, maana mikato hukaa sawasawa na pini, na pini sawasawa na vitundu. Alianzia kwenye ncha, kwa kuwa ufunguo wa vitasa hivi husimama kwa ncha, hauna bega. Kisha jiliwa, tupa nyembamba, na kimya kirefu. Cha kuinulia pini alikitengeneza kwa ubavu wa mwavuli, na miavuli iliyovunjika Kigoma wakati wa masika huokotwa popote.

Wanaosema vitasa hivi hufunguliwa kwa sekunde wamezoea sinema. Adhana ya alasiri ilitukuta tungali tumechuchumaa. Silinda ilizunguka peke yake mara kwa mara, Mjomba akalegeza, akaanza upya bila kulalamika. Mwishowe gamba likasogea kidogo sana, akavuta, kiini kikatoka kizima kama jino bovu.

Tajiri akakigeuzageuza kile kifaa. "Kumbe ni msumeno tu!" Bei tuliyopatana akalipa, ila kwa kuguna.

Mwenyekiti ndiye aliyebaki na swali. "Sasa fundi, hicho kinaweza kufungua na ofisi yangu?"

"Ofisi yako haihitaji hiki, mwenyekiti. Kufuli lile hata huyu mpwa wangu analifungua kwa waya."

Mwenyekiti hakucheka. Kesho yake asubuhi alikuwa kibandani kwetu, anauliza bei za makufuli.