Kabla ya kudai ndoa Uganda

Mnaouliza kampeni ya ndoa za jinsia moja Uganda ianzie wapi: isianzie kwenye ndoa. Ibara ya 31(2a) ya Katiba inazikataza tangu 2005, na kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 nayo imeweka hadi miaka 20 jela kwa "kuhamasisha ushoga", kwa hiyo bango moja tu linaweza kukuponza.

Kazi yenye tija sasa ni kueneza habari hii: Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 14 cha sheria hiyo, kilicholazimisha watu kuripoti wanaoshukiwa kwa ushoga, na cha 9 kilichombana mwenye nyumba aliyeruhusu nyumba yake itumike kwa ushoga. Nesi halazimiki tena kumripoti mgonjwa. Inauma sana mpangaji kutupiwa godoro nje kwa kifungu ambacho hakipo tena.

Mtu akikamatwa, wakili kwanza, maelezo baadaye. Andikeni saa aliyokamatwa na kituo alikopelekwa. Ndani ya saa 48 lazima aachiwe au afikishwe mahakamani. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Na simu ifungwe kwa namba ya siri, si alama ya kidole, maana kidole hushikwa kwa nguvu kikabandikwa kwenye kioo.