Boti Iliyopanda Mlima

Jumamosi boza lilichelewa tena. Lilipofika hatimaye, dereva akaunganisha mpira, tanki likaanza kunguruma, na mtoto wa mdogo wangu akaja na dumu lake tupu kunihoji. "Mama mkubwa, eti uliwahi kulala kwenye boti inayopanda mlima?"

Aliyemwambia namjua. Baba yake hana siri.

Ni kweli. Ni ule mwaka niliokaa Coventry, Uingereza, likizo ya Pasaka, baba mwenye nyumba na mkewe waliponionea huruma wakanibeba kwenye matembezi yao ya boti mferejini. Boti yenyewe ndogo, ya faiba. Meza ukiishusha inakuwa kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, choo cha kwenda kumwaga wenyewe. Sheria ya mifereji ya kule ni mwendo usiozidi maili 4 kwa saa, kwa hiyo watu wanaotembeza mbwa kando ya maji wanakusalimia, halafu wanakupita. Mama mwenye nyumba alikuwa anachungulia tanki la maji safi kila asubuhi na kunikumbusha nisiache bomba wazi. Ananiambia mimi, mtoto wa Bahi, Dodoma, niliyeoga kwa kopo tangu nazaliwa! Nikaitikia tu, "Sawa, mama."

Siku nyingi zilikuwa mvua, chai na bata. Ninachokiona mpaka leo ni Hatton.

Hapo, karibu na Warwick, mfereji wa Grand Union unakutana na kilima. Waliochimba kipande hicho, kikafunguliwa mwaka 1799, waliupandisha kwa ngazi: loki 21, moja juu ya nyingine, mpaka umepanda kama mita 45. Loki ni shimo refu lenye malango mbele na nyuma. Unaingia chini, wanajaza maji, unatokea juu.

Mzee akanikabidhi kamba ya mbele. Tukaingia katikati ya kuta za zege zenye utelezi wa kijani, lango likafungwa nyuma yetu, baridi ikashuka kama ya kisimani. Juu kabisa niliona buti za mama mwenye nyumba tu. Alikuwa anazungusha hendeli, na kwa muda hakikutokea kitu. Mara maji yakachemka kutoka chini. Boti ikaruka mbele, kamba ikaniunguza viganja. "Usiifunge! Vuta kadiri tunavyopanda!" Nikavuta. Ukuta ukawa unazama polepole. Zikaja buti usoni kwangu, yakaja magoti, ukaja mkono na ile hendeli, kisha uso wenyewe umelowa mvua unanicheka, na nyuma yake shamba zima la kondoo ambalo muda mfupi uliopita halikuwepo.

Nikamuuliza mzee shimo lile linameza maji kiasi gani. Lita zaidi ya laki mbili, akasema. Boza la mtaani kwetu linabeba elfu kumi. Hesabu ikajipiga yenyewe: boza ishirini na zaidi, ili watu watatu na birika lao wapande ngazi moja. Mzee akaona nimenyamaza. Hayapotei, akanituliza, yanashukia loki ya chini.

Zilizobaki tulizipanda na mikono ikaota malengelenge.

Usiku nikampigia simu mama yangu kule Bahi. Nikamweleza yote, na la kwamba hayapotei. Akauliza huko juu yanatoka wapi. Nikamwambia wana mabwawa, na sehemu nyingine wana pampu za kuyarudisha juu yakishashuka.

"Wanayarudisha juu?"

"Ndiyo, mama."

"Ili watu watembee?"

"Ndiyo."

"Na wewe humo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilishika kamba."

Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia sauti ikawa ile ya sokoni, ya kuulizia bei ya mbuzi. "Hebu kesho wakiamka vizuri, waulize hiyo pampu wanauzaje."