Rangi Tatu za Lubumbashi, kwa Miguu

Agosti, kiangazi kimekolea, nilitoka mtaa wa Katuba asubuhi nikielekea mtaa wa Kenya, humu humu Lubumbashi, kusaka rangi za kuchorea; mfukoni nimebeba vitambaa vitatu na chupa ya gundi ya mgunga: sehemu 1 ya gundi, 2 za maji, imelala usiku kucha na punje 2 za karafuu isije ikaota ukungu.

Katuba ni vumbi jekundu, hadi ulimini unalionja. Udongo huo haupakwi jinsi ulivyo. Koroga vijiko 5 ndani ya nusu ndoo ya maji, hesabu hadi 60 mchanga uzame, kisha mimina maji mekundu kwenye chombo kingine. Kesho yake mwaga maji ya juu, anika tope. Ukiruka hatua hii, mchanga utaichana karatasi.

Soko la Kenya lilinijia kwanza kwa pua: moshi wa makala, yaani makaa, na samaki thomson kwenye mafuta. Basi nyeusi ikawa makala yenyewe, yaliyotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Kilima cha mabaki ya kiwanda cha shaba, kule karibu na bomba refu la moshi, kina weusi mzuri zaidi, lakini kiache. Unga wake una metali zisizofaa kuingia mapafuni.

Milio ya nyundo za wafua masufuria niliichora karatasini kwa vidole: pigo zito gumba, jepesi kidole cha mwisho. Mji huu unaijua njia hiyo. Mchoraji Bela Sara, wa karakana ya uchoraji aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, alichora kwa ncha za vidole bila brashi.

Kijani kilipatikana katikati ya mji, kwa wachonga malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Omba vipande vilivyovunjika. Dondoshea kimoja limau: malakiti ya kweli hutoa povu. Saga ikiwa imelowa, juu ya kioo kinene, kwa maana vumbi la shaba ni sumu. Na hapa wengi huharibu kwa bidii: kadiri unavyoilainisha ndivyo inavyopauka, mpaka ule ukijani wa ndani kabisa unakuwa kama maji ya mchicha. Acha kusaga ungali unasikia chembe chini ya jiwe.

Changanya kila unga na gundi, kiasi sawa kwa sawa. Ikikauka, pitisha kidole. Kikitoka na rangi, gundi ni haba. Picha iking'aa na kupasuka, imezidi. Nyekundu ya Katuba ndiyo iliyodai zaidi, karibu kijiko kizima cha ziada.