Ufunguo wa gari katika Odds Against Tomorrow

Jana usiku niliitazama tena Odds Against Tomorrow, filamu ya uhalifu ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Robert Wise, na bado sikubaliani na wanaodai kwamba inahubiri tu. Harry Belafonte, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoitengeneza (mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waliotia saini ombi la michango ya nauli za wanafunzi wa Kenya waliokwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya), ni Johnny Ingram, mwanamuziki wa klabu aliyezama katika madeni ya kamari. Robert Ryan ni Earle Slater, Mzungu aliyejaa chuki ya rangi, naye Ed Begley ni Burke, polisi wa zamani anayewaunganisha wawili hao ili waibe benki katika mji mdogo wa jimbo la New York.

Lawama inatokana na mwisho wake. Ingram na Slater wanawindana kwa bastola juu ya matangi ya mafuta, matangi yanalipuka, na maiti zao zinaungua hata haijulikani ipi ni ya nani. Hapo filamu inapaza sauti mno, nakiri. Lakini hoja hiyo ilikwisha kusemwa bila hotuba yoyote pale Slater alipokataa Ingram akabidhiwe ufunguo wa gari la kutorokea: ufunguo ukabaki kwa Burke, Burke akapigwa risasi nje ya benki, na wenzake wakakosa namna ya kuondoka. Chuki inauharibu wizi wenyewe, hatua kwa hatua, na kwangu hilo linatosha kuitetea filamu nzima.

Haikupata umaarufu wa The Defiant Ones ya mwaka 1958, ambamo mfungwa mweusi na mweupe huishia kuwa marafiki, ingawa Mfaransa Jean-Pierre Melville, bingwa wa filamu za aina hii, aliipenda kupita kiasi. Watazamaji wa wakati ule walisoma kwenye skrini jina la mwandishi John O. Killens, aliyekubali kumsitiri Abraham Polonsky, kwa kuwa Polonsky alikuwa amepigwa marufuku Hollywood kwa sababu za kisiasa. Jina lake halikurejeshwa rasmi hadi mwaka 1996, kwa hiyo wengi walioihukumu filamu hiyo ilipotoka hawakujua kwamba kalamu ilikuwa ya mtu aliyefungiwa milango kama wahusika wake.