Ninavyokausha uyoga wa kichuguu usiharibike

Huku Dodoma uyoga wa kichuguu hufuata mvua kubwa, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na haungoji. Uliochumwa asubuhi ukalala mpaka kesho yake, shina lote limetobolewa na mabuu. Zamani nilikuwa natupa karibu nusu. Sasa situpi, kwa sababu naanza kuukata siku ileile, kabla ya mchana.

Nachuma ambao kofia bado imejikunja, kama mwavuli uliofunguliwa nusu. Naushika chini kabisa, nauzungusha taratibu, mzizi wake mrefu unakatikia ardhini. Sichimbi. Kule chini mchwa wametengeneza sega kwa kinyesi cha majani na vijiti walivyokula, na uyoga unaota kwenye sega hilo. Ndiyo maana haupandwi kwenye mifuko kama uyoga wa kulimwa uitwao mamama. Anayebomoa kichuguu anaua shamba lenyewe.

Kwenye usalama sina mzaha. Wa kichuguu una ncha katikati ya kofia na ule mzizi mrefu. Mikunjo iliyo chini ya kofia ni myeupe, baadaye inaelekea waridi. Ukiona kikombe kwenye kitako cha shina au mikunjo inageuka kijani, acha. Hata hivyo, dalili hizi pekee hazitoshi: chuma tu aina uliyoonyeshwa ana kwa ana na mtu anayeijua. Kuchemsha na kitunguu hakutambui sumu wala hakuiondoi, na sumu mbaya zaidi huanza kuuma tumbo baada ya saa 6 au zaidi, watu wameshalala.

Nabebea kwenye kikapu. Mfuko wa plastiki unautokesha jasho, unapata joto na kuanza kunuka. Nyumbani siuoshi, unanyonya maji na kukauka mweusi. Nakwangua udongo kwa kisu, nafuta kwa kitambaa kibichi, kisha nakata vipande vya unene wa nusu sentimita. Shina nalipasua kwa urefu, maana ndilo linalochelewa kukauka.

Navitandaza kwenye wavu juu ya kichanja, visigusane. Ukivianika chini kwenye mkeka, utakula mchanga wa Dodoma mpaka vipande vya mwisho. Jua likiwa kali ni siku 2, na jioni lazima viingie ndani. Mawingu yakikaa, naweka wavu juu sana ya jiko la mkaa lililobaki majivu ya moto. Ukiushusha, uyoga unaiva badala ya kukauka. Kipande kikikunjika, bado hakijakauka. Kivunjike kwa mlio. Kilo 1 mbichi hubaki kama gramu 100.

Naacha vipoe kabisa ndipo natia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Vikiingia vya moto, mvuke unaleta ukungu.

Siku ya kupika, naloweka dakika 30 kwenye maji ya uvuguvugu, naosha, nakaanga na kitunguu na nyanya kwa mafuta ya alizeti, namimina karanga zilizotwangwa na kuacha vichemke taratibu dakika 20. Kwa ugali wa uwele.