Siku Kaunta Buku Iliposomwa

Juzi binti yangu, anayejiandaa na mdahalo shuleni, kaniuliza: "Mama, hivi mwandishi akiandika ukweli bado anaweza kushtakiwa kwa kashfa?" Nikamwambia anaweza, ila akiuthibitisha huo ukweli anapona. Akaridhika, akaendelea na daftari lake. Mimi sikuridhika. Huko kuuthibitisha ndiko kuliko na kazi.

Ilikuwa Moshi, mwaka 2015, ile habari ya michango ya maji. Watu walichanga, mabomba hayakuonekana, nikaandika. Haikuchukua muda barua ya wakili ikatua mezani kwa mhariri: tuombe radhi ukurasa wa mbele na tulipe fidia ndani ya siku 14, la sivyo tukutane mahakamani. Na wakati huo kashfa ilikuwa pia kosa la jinai, chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976.

Wakili wetu alinituliza kwa hukumu ya Desemba 5, 2014 ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hii yenye makao yake hapo Arusha. Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka. Majaji wakasema kumfunga mtu kwa kashfa ya namna ile ni kuvunja uhuru wake wa kujieleza.

"Kwa hiyo jela isikunyime usingizi," wakili akasema. "Fidia ndiyo itakayotumaliza. Niletee karatasi."

Karatasi zenyewe zilikuwa kabatini kwenye ofisi ya kijiji, na aliyetudai fidia alikuwa kiongozi palepale. Nilipoziomba nikaambiwa, "Dada, hizi ni nyaraka za serikali." Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilikuwa bado haijatungwa.

Bahati nzuri mkutano mkuu wa kijiji uliangukia ndani ya zile siku 14. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na wananchi wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Wazee wakasema safari hii hawaondoki bila kusomewa, tena mstari kwa mstari.

Tukakaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Akasimama mtunza hazina, mama wa makamo, kitenge kakifunga juu ya sweta. Akafungua kaunta buku yenye jalada jeusi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma taratibu, tarehe, kiasi, kazi iliyofanyika, namba ya risiti. Saruji, risiti ipo. Nauli ya fundi, risiti ipo. Kisha akafika kwenye mabomba ya inchi mbili. Akataja tarehe, akataja fedha, kidole kikasimama.

"Risiti hakuna."

"Rudia hapo," mzee mmoja akasema kutoka nyuma.

Akarudia, kwa sauti ileile. Akashuka mstari mwingine. Mabomba tena, risiti hakuna. Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa naandika mkono unatetemeka, na katibu pembeni naye anaandika, kwa sababu wazee walikuwa wamemtaka kila kinachosomwa kiingie kwenye muhtasari. Mama yule hakuinua macho hata mara moja kumtazama kiongozi wake aliyekaa hatua chache kutoka alipo.

Baadaye nilimfuata kumshukuru. "Mwanangu," akasema, "mimi nimesoma kilichoandikwa."

Muhtasari ukapigwa muhuri wa kijiji, mzee mmoja akatutolea nakala, wakili akaiambatanisha kwenye majibu yake. Upande wa pili ukanyamaza. Madai hayakufutwa wala hayakufika mahakamani, na mabomba sikuyaona yakifukiwa.

Mengi yamebadilika tangu pale. Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ikiwa Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya kashfa ya jinai, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaiondoa jinai ya kashfa kwenye sheria hiyo. Nilifurahi mno, na bado nafurahi.

Lakini madai ya fidia yapo palepale, na ndiyo yanayowatisha waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa habari moja moja. Sheria ya taarifa tuliyoipata 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 kumjibu anayeomba nyaraka. Barua yetu ilitupa siku 14. Mwandishi akiletewa barua ya namna hiyo leo asubuhi, akaandika ombi lake mchana huohuo, anaweza kujikuta kizimbani kabati likiwa bado limefungwa. Sisi tulipona kwa sababu ya tarehe ya mkutano na mama mmoja aliyekubali kusoma. Sijaona ni hukumu gani ingeweza kuchukua nafasi yake.